Kutembea sio mpaka ufiwe wala mpaka uwe na hela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii ni ndefu kuliko mnazozoea ila msiikate sana tafadhali, maana jambo lenyewe nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari ya serikali hapa Morogoro, na gazeti lenu nalisoma kila wikiendi hasa zile kurasa za utalii. Picha ni nzuri na wanaoandika wanajua kuandika, lakini kila nikisoma naona anaongeleshwa mtu ambaye sio mimi wala jirani yangu. Loji ya usiku mmoja bei iko kwa dola, pakeji ya siku tatu kwa familia ya watu wanne, gari la kukodi lile la kufunguka juu, ndege ndogo ya kwenda kisiwani, alafu mwisho wa makala mnatuhimiza Watanzania tujitokeze kwa wingi kutembelea vivutio vyetu. Sasa tunajitokezaje kwa bei hizo?

Kuna njia nyingine na sijawahi kuiona imeandikwa humo. Ni ile ya kupanda treni daraja la tatu, basi la kawaida, boti la wanakijiji, unalala gesti ya mtaani unakula kwa mama ntilie, hakuna kampuni iliyokupangia chochote, unajipangia mwenyewe na ukifika unauliza watu. Mi ndivyo ninavyotembea likizo zangu nikijaliwa, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba hata ningepewa hela ya ile pakeji leo bado ningepanda treni.

Nianze na hili la kuulizwa. Nikirudi kazini walimu wenzangu wananiuliza, mwalimu ulikuwa Kigoma, kulikuwa na msiba? Nikisema hapana wanauliza basi harusi, au una ndugu kule, au umeanza biashara ya mawese, nikisema nilienda kutembea tu wanakaa kimya kidogo alafu mmoja anasema wewe una hela. Siwalaumu, tumelelewa hivyo wote. Nauli kwetu ni kitu cha kutolewa kwa sababu, unasafiri kwa sababu ya kifo, ndoa, uhamisho, mzigo, hospitali ya rufaa. Kusafiri ili uone, hiyo tumewaachia wazungu. Lakini kama mwalimu wa historia mi nashangaa hilo wazo tumelitoa wapi maana nchi hii imejengwa na watembeaji. Karne ya 19 vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, miezi kadhaa, na kijana aliyeiona bahari akarudi salama alipata heshima kwao, wapo walioingia kwenye msafara kwa ajili ya heshima hiyo kama walivyoingia kwa ajili ya ujira. Ile miembe mikubwa inayofuatana toka Tabora kwenda Ujiji ndio alama ya njia yao mpaka leo. Mtu akiniambia kutembea sio utamaduni wetu namwelekeza kwenye ile miembe.

Treni ninayoiongelea ni ya zamani, ya kwenda Kigoma, sio hii mpya ya umeme. Hii mpya naipenda sana, ilipoanza mwaka 2024 sisi wa Morogoro tulifurahi kwelikweli maana Dodoma unaenda asubuhi unarudi jioni, na mgonjwa anayewahi hospitali nani atamwambia apande ya zamani. Ila dirisha halifunguki na stesheni hakuna mtu wa kukuuzia muhogo. Ya zamani inafuata reli waliyoanza kuijenga Wajerumani Dar mwaka 1905, ikafika hapa Moro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na daraja la tatu ndio pa kukaa kama unataka kujua umepanda na nani. Viti vinaangaliana, magoti yanagusana, mizigo iko juu, chini, mlangoni. Watoto wanatandikiwa kitenge chini ya kiti wanalala huko. Ukifungua chakula chako hukumwambia mwenzio karibu, watu wanakuangalia wanajua hukufundishwa, kwa hiyo kila chombo kinachofunguliwa kinazunguka, hata kama mwenye chombo ana viazi vinne na ana safari ya siku mbili mbele yake.

Nilikaa na bibi mmoja anaenda Kaliua kwa mwanae. Tulikuwa hata hatujafika Kilosa akasema mwanangu hebu nishikie huyu, akanipa mjukuu wa kama mwaka mmoja akajifunika khanga akalala. Hakuniuliza jina wala natoka wapi. Mtoto akalala kifuani kwangu mpaka karibu na Dodoma, mkono umekufa ganzi siwezi kuutoa. Alfajiri bibi alipoamka akanipa nusu ya mkate wake na chai kwenye mfuniko wa chupa, ndio tukaanza kusalimiana shikamoo marahaba, ndio akajua mimi ni mwalimu, akaanza kunieleza habari za mwanae huyo wa Kaliua na tumbaku na madeni ya pembejeo mpaka nikawa najua mambo ya chama chao cha msingi kuliko mambo ya shule yangu.

Saranda watu wote walisimama. Kwa wasiojua, Saranda ni stesheni ndogo tu mkoa wa Singida lakini kila anayepanda treni hii anaijua kwa kuku. Wale mama wanakuja na mabakuli yamefunikwa, wanainua juu mpaka dirishani, wewe unafunua unaangalia paja, unauliza bei, mikono ishirini inapishana. Kijana aliyekuwa jirani yangu akatoa noti ya elfu kumi, akapokea kuku wake, treni ikaanza kutembea chenji hajapewa. Mama yule akaanza kukimbia sambamba na dirisha, bakuli kichwani, anahesabu hela huku anakimbia, akanyoosha mkono na kijana akanyoosha mkono na chenji ikafika yote, hata jero haikupungua. Yule mama angeweza kusimama. Treni ilikuwa inaondoka, kijana huyo hatamwona tena maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Mi nilikaa nikafikiria hilo jambo toka Saranda mpaka Itigi na nikawahadithia wanafunzi wangu nilivyorudi, na nitaendelea kuwahadithia kila mwaka.

Sasa mhariri hapa ndipo ninapotaka kusema lile lililonifanya niandike. Ukiwa na hela nyingi safarini huna haja ya mtu. Dreva amekuja kukupokea, chumba kimelipiwa, chakula kipo mezani saa moja kamili, mwenye kukuhudumia anatabasamu kwa sababu ni kazi yake. Hakuna ubaya. Lakini ukiwa na hela kidogo na hujapangiwa kitu lazima uombe watu. Lazima uulize gari la kwenda sehemu fulani linasimama wapi, lazima umwambie mtu niangalizie begi naenda kuchimba dawa, lazima umwamini konda akikwambia nitakushusha, lazima usubiri pamoja na wengine, na wakati unasubiri watu wanaongea. Kuhitaji watu ndiko kunakofungua nchi. Hadithi zote nilizonazo nimezipata wakati nahitaji kitu, maji, njia, kivuli, nafasi ya kukaa, na sidhani kama kuna hata moja niliyoipata wakati nina kila kitu. Ndio maana nasema ubahili wa bajeti sio kasoro ya safari zangu, ndio injini yake.

Gesti nazo nizitetee. Mtu akisikia gesti anafikiria uchafu, na nyingine ni chafu kweli, unaingia unaangalia shuka na choo kabla hujalipa na hakuna anayekukatalia. Lakini kwenye miji ya mikoani gesti safi ya elfu kumi na tano au ishirini ipo, neti ipo, ndoo ya maji ya moto asubuhi ukiomba unapewa. Kitu ninachokipenda ni kile kitabu cha wageni. Daftari kubwa la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula, tarehe, jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, sahihi. Huwa nalisoma juu juu kabla sijaandika langu. Mkulima katoka Kasulu anakwenda Tabora, fundi katoka Mwanza, mfanyabiashara wa dagaa katoka Mpanda, mwinjilisti, askari, mama wa mitumba. Nchi yote imelala humo kwenye mistari. Kwenye gesti niliyolala Kigoma, dada wa mapokezi alipofika kwenye kuandika nimekuja kufanya nini nikamwambia kutembea, akaniangalia akauliza kutembea kwa nani, nikasema kwa mji. Jioni ile alipofunga hesabu akaja kunikalisha kibarazani akanieleza wapi kuna samaki wazuri, wapi nisipite usiku, daladala za Ujiji zinaanzia wapi na kwamba mama yake mdogo anakaa kule nikifika nimsalimie. Nilimsalimia kweli, na nikala kwake mchana.

Ujiji kila mwanafunzi wa nchi hii anaijua kwa sababu moja, Stanley na Livingstone, mwaka 1871. Toka Kigoma mjini ni daladala tu, sio mbali. Pale penye makumbusho kuna mnara wao na miembe, na mtu wa makumbusho anakueleza vizuri. Mi nilipomaliza nikatoka nje nikamkuta mzee mmoja kwenye baraza, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu ukae, nikakaa. Akanambia babu zake ni Wamanyema, walivuka ziwa toka ng'ambo ile ya Kongo enzi za misafara, na misikiti ya pale na nyumba zile za zamani ni za watu waliokuja na misafara wakabaki. Nikamwambia mimi nafundisha historia, akaniuliza je unawafundisha habari za kina Susi? Ndio nikajua mzee anajua. Maana aliyetoka mbio kwenda kumpasha Livingstone habari kwamba kuna mzungu anakuja alikuwa Susi, mtumishi wake, na Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko ambako leo ni Zambia, ni Susi na Chuma na wenzao walioukausha mwili wake wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1874. Zaidi ya miezi nane njiani. Nimefundisha mada hiyo miaka kadhaa na majina hayo nilikuwa nayapitia haraka, sasa hivi natumia kipindi kizima. Hilo limetokana na kukaa kwenye baraza na mzee ambaye hakunidai hata senti, nilimnunulia soda akakataa mpaka nikasema ni ya mjukuu.

Bandarini Kigoma niliikuta Liemba imetia nanga kwa matengenezo. Nilisimama nikaiangalia sana. Meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa reli hiyo hiyo niliyopanda mimi, ikaunganishwa pale pale, vita ikaja wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927, imebeba watu na mihogo na dagaa mpaka Zambia miaka yote hiyo. Kitu kama hiki kwa wenzetu watu wangepanga foleni kukiangalia. Wanafunzi wangu hawaijui.

Alafu kuna Kibirizi, hapo kaskazini kidogo ya mji. Ndipo boti za vijijini zinapoondokea mchana kwenda Mtanga, Mwamgongo, mpaka Kagunga mpakani na Burundi, na zinapita mbele ya hifadhi ya Gombe. Mtu wa pakeji anakodishiwa boti ya mwendo kasi peke yake. Mi nilipanda la wanakijiji kwa nauli ya kawaida kabisa, boti la mbao refu, saruji chini, kreti za soda juu yake, sisi juu ya kreti, kuku miguuni, kulia kwako vilima na kushoto kwako ziwa na mbali kabisa milima ya Kongo kama hakuna wingu. Linakwenda pole pole, linasimama kila kijiji, vijana wanaingia majini mpaka kifuani kushusha mabati. Ufukweni dagaa wameanikwa mchangani wanang'aa. Nikauliza mbona leo wachache, mama aliyekaa pembeni yangu akasema mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa kwa hiyo wavuvi wanapumzika wanashona nyavu, na biashara yake yeye anaipanga kwa kalenda hiyo hiyo, marejesho ya vikoba, ada ya mtoto, kila kitu. Akanionyesha kwa kidole nyumba yake ilipo na ya dada yake na mahali maji yalipopanda yakachukua nyumba za watu. Tulipofika Gombe nikashuka mimi na mtumishi mmoja wa hifadhi, boti likaendelea. Kiingilio changu kama Mtanzania nililipa kwa shilingi, na huo ni ukweli ambao nyie waandishi mngeupigia kelele kila wiki, kwamba raia analipa kwa shilingi kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Watu wengi ninaowaambia hawaamini. Sokwe niliwaona, mama na mtoto wake mgongoni, karibu kabisa, kwenye msitu ule ule ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960. Nilifurahi mno. Lakini ukiniuliza leo safari ile ilikuwa nini nitakwambia kwanza yule mama na kalenda yake ya mwezi.

Sio kwamba kila kitu ni kitamu. Wakati wa kurudi nilipanda basi, silitaji, likafia porini kabla ya giza. Konda akakata matawi akayapanga barabarani mbele na nyuma kama tunavyojua, dreva akaingia chini ya gari, sisi tukakaa. Mbu, baridi, watoto wanalia, simu hazishiki, na hapo mtu ukiwa peke yako unaogopa. Ilipofika usiku wanawake tukajikusanya upande mmoja tukakoka moto, abiria mmoja mwenye gunia la mahindi akalifungua akasema tuchome, tukachoma. Gari lilipona karibu na asubuhi. Sitamshauri mtu aitafute hali hiyo na wanaosema shida ndio raha ya safari mi sikubaliani nao, shida ni shida. Nilichokiona tu ni kwamba watu tulioanza safari hatusalimiani tulishuka tumepeana namba za simu, na yule wa mahindi alikataa kulipwa.

Kwa dada zangu wanaotaka kwenda peke yao, maana hili naulizwa sana. Nenda, ila panga ufike mji mgeni kabla ya jua kuzama, hata kama ni kulala njiani. Stendi usimsikilize anayekuvuta mkono, nenda moja kwa moja kwa mama muuza chai, nunua chai, kaa, alafu muulize yeye gesti salama iko wapi, hao wanajua mji na wanajua watu. Hela igawe, nyingine kwenye simu nyingine mwilini. Sema unaenda wapi kwa mtu wa nyumbani kila siku. Ukiulizwa mume yuko wapi jibu unavyoona inafaa, mi husema ananisubiri mbele ya safari. Alafu kaa siti ya karibu na mama mwenye mtoto, ukimsaidia mtoto umeshapata ulinzi mpaka mwisho wa njia.

Na kuna jambo moja linaniuma. Wapo wanaotembea kwa bajeti ndogo, wageni na wazawa, ambao kubana matumizi kwao ni kumbana muuza ndizi. Anakaa anabishana na bibi wa watu kwa mia mbili, alafu anapiga picha naye anasema nimeishi kama mwenyeji. Mwenyeji hafanyi hivyo. Kama hela ni ndogo punguza siku, punguza soda, punguza intaneti, lala mbali kidogo na katikati ya mji, lakini jasho la mtu lilipe kwa bei yake. Nauli ya boti ni ile ile wanayolipa wao. Chakula ni bei ile ile. Na usipige picha mtu amelala kwenye treni, amechoka, hajakuruhusu.

Sasa wanafunzi. Kidato cha kwanza wanakariri Olduvai, Isimila, Kondoa, Engaruka, Kilwa, wanajibu mtihani wanapata alama A na hakuna aliyeona hata jiwe moja. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo mpaka siku nilipopanda basi Dodoma la kwenda Babati nikamwambia konda nishushe Kolo, huko Kondoa kwenye michoro ya miambani. Lami mpaka pale. Unashuka, ofisi ya mambo ya kale iko hapo, unalipa kiingilio kidogo, unapewa wa kukuongoza, mnaenda mpaka kwenye kilima mnapanda kwa miguu kwenye mawe. Na juu, kwenye mwamba ulioinama kama dari, watu wembamba warefu wa rangi nyekundu wenye vichwa vya ajabu, wanyama, mistari. Baadhi zimechorwa maelfu ya miaka iliyopita na rangi bado ipo. Aliyeniongoza akanionyesha pango ambalo wenyeji bado wanakwenda kufanya matambiko ya mvua na ya wagonjwa. Mahali hapo pamekuwa urithi wa dunia UNESCO toka mwaka 2006 na siku hiyo tulikuwa watu wawili. Nilikaa pale juu nikaangalia tambarare lote la chini na nikasema mwaka huu lazima nilete watoto, na niliwaleta, wachache, waliochangiwa na wazazi kidogo kidogo, tukalala kwenye madarasa ya shule moja iliyotupokea kwa ukarimu, mwalimu mwenzangu wa kule akatupikia makande. Kuna mtoto wa kiume ambaye darasani haongei kabisa, nilimkuta kabaki nyuma peke yake mbele ya ule mchoro, akaniuliza mwalimu, huyu aliyechora alikuwa anajua kwamba sisi tutakuja? Sikuwa na jibu. Tumeongea juu ya hilo swali darasani wiki nzima.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni hili. Kwenye zile kurasa zenu tupeni hata nusu ukurasa kwa mwezi wa namna ya kufika. Sio sifa za mandhari, hizo tunazo. Andikeni gari linaondokea stendi ipi na saa ngapi, nauli shilingi ngapi, boti siku gani, gesti za bei gani zipo, kiingilio cha Mtanzania ni kiasi gani, msimu upi barabara haipitiki. Muwape nafasi makonda na mabaharia na akina mama wa stesheni waongee, wao ndio wanaoijua nchi hii kwa kilomita. Na wenye mamlaka wakisoma hapa naomba wasije wakafikiria kwamba treni ya kisasa ikifika Kigoma basi daraja la tatu limekwisha kazi yake. Wekeni nauli ambayo bibi wa Kaliua anaimudu, na pale stesheni mwachieni mama wa Saranda mahali pa kusimama na bakuli lake. Na kwenye makumbusho yetu maelezo yawe kwa Kiswahili kizuri kirefu, watoto wasome wenyewe.

Mwisho naomba msaada wa wasomaji wenzangu. Likizo ya mwezi wa sita nataka kwenda maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanayoshuka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba jirani na maporomoko hayo, upande wa Zambia, wamekuta magogo mawili yaliyochongwa na binadamu wa kale yakaunganishwa, yana umri wa miaka kama 476,000, na nataka niwaambie wanafunzi wangu nimesimama pale. Najua toka Sumbawanga kuna gari za kwenda Matai. Kuanzia Matai kwenda Kapozwa ndipo sijui, kama kuna gari la kila siku au la siku ya gulio tu, au ni bodaboda, na kama kuna mtu kijijini anapokea mgeni kulala. Mwenye kujua aandike hapa hapa kwenye ukurasa huu, na kama kuna mwalimu wa shule ya jirani na pale ningefurahi sana tuwasiliane kupitia kwenu, nitakuja na vitabu vya historia.

Wenu msomaji,
Mwalimu, Kihonda, Morogoro